Hodi Hupigwa Nje

Jongoo bahari wa kwanza niliyempasua kwa mkono wangu alikuwa jike. Ndani yake mlijaa nyuzi za manjano iliyofifia, zimefungamana kama tambi zilizokwisha kupikwa, na kila uzi ulikuwa umesheheni mayai. Nilifurahi kama mtu aliyefukua hazina. Nilikuwa na wiki ya tatu tu kazini, katika kituo kidogo cha kutotolesha vifaranga vya majongoo hapa Unguja, na mkuu wetu alikuwa safarini. Nikazikata nyuzi, nikayamimina mayai kwenye bakuli la maji ya bahari yaliyochujwa, nikampasua na dume, nikachanganya. Kisha nikakaa na hadubini mpaka alfajiri.

Hakuna yai lililogawanyika. Mbegu za dume zilikuwa hai, zinahangaika huku na huku, zinagonga, zinarudi, zinagonga tena. Mayai yalikaa vile vile, kila moja na kiputo chake cheupe ndani, mfano wa jicho lisilopepesa.

Asubuhi mlinzi wetu alikuja kuzima taa. Mzee huyu ujanani alikuwa akizamia majongoo kwa pumzi zake mwenyewe, bila mtungi wala bomba. Nilimwamkia, akaitikia, akachungulia bakuli.

"Umeyapataje haya?"

"Nimempasua, babu. Tangu jana usiku nayasubiri."

Akatikisa kichwa. "Mwanangu, umechukua mchele ukadhani wali."

Nilikasirika kidogo, maana mwenye shahada nilikuwa mimi. Lakini kosa langu lilitoka hukohuko kwenye shahada. Chuoni tulifanya somo la vitendo na yule mnyama wa mviringo mwenye miiba, ambaye kila mtoto wa pwani amepata kumkanyaga na vitabu humwita urchini wa bahari. Unamdunga maji ya kloridi ya potasiamu, anamwaga mayai, unatia mbegu za dume, na kabla hujamaliza kuandika tarehe kwenye daftari utando umeshainuka kulizunguka yai. Rahisi kiasi hicho. Hakuna aliyetuambia, au labda aliyetuambia nilikuwa nimesinzia, kwamba urchini ni wa aina yake: mayai yake hupevuka yakiwa bado tumboni, yakahifadhiwa humo yako tayari. Nikatoka chuoni nikiamini kwamba yai kubwa ni yai pevu. Kwa jongoo bahari, kwa kiti cha pweza, kwa chaza wengi, na kwa mwanamke pia, haliwi hivyo.

Kile kiputo cheupe nilichokiangalia usiku kucha kilikuwa kiini cha yai, kikubwa kupita kiasi, utando wake mzima. Ndani yake kromosomu zimeoanishwa na kusimamishwa katikati ya mgawanyiko ulioanza zamani ukakatizwa. Yai la namna hii limeshakula, limeshanenepa, limeshajaza ghala la chakula cha kiinitete. Lililobaki ni kutupa nusu ya kromosomu zake ili mbegu ya dume ije na nusu nyingine. Hatua hiyo moja haliichukui lenyewe. Kiini kikiwa bado kinaonekana, yai limelala, na ukilimwagia mbegu za bahari nzima litaendelea kulala.

Aliyenifundisha namna linavyoamka hakuwa jongoo. Alikuwa kiti cha pweza, mnyama ambaye mama yangu alikuwa akimrusha pembeni kila maji yakipwa. Mama alikwenda pwani na ndoo na mchokoo. Pweza aliingia ndooni, chaza waliingia, hata tondo waliingia siku ya njaa, lakini kiti cha pweza hakiliwi wala hakiuziki. Sisi watoto tulikiokota tukakigeuza tumbo juu, tukatazama vile vimiguu vyake mamia vinavyotafuta mahali pa kushika. Katikati ya kila mkono kuna mfereji, na chini ya mfereji umepita mshipa wa fahamu. Nimeushika mshipa ule mara nyingi utotoni bila kujua kwamba mwaka 1959, huko Woods Hole, Marekani, watu wawili, Chaet na McConnaughy, waliukamua, wakamdunga mnyama mwingine wa jamii hiyo maji yake, naye akamwaga mayai.

Ungedhani mambo yaliishia hapo: mshipa unatoa dawa, dawa inaliamsha yai. Lakini yai likivuliwa zile seli ndogo zinazolizunguka kama shela, kisha likatiwa katika maji ya mshipa, haliamki. Ina maana mshipa hausemi na yai. Unasema na zile seli za pembeni, na seli za pembeni ndizo zinazotoa neno jingine la kulipelekea yai. Mwaka 1969 Haruo Kanatani na wenzake wa Japani walilitambua neno hilo la pili. Ni 1-methiladenini. Nilipoliona jina nilitarajia kitu kikubwa, cha ajabu. Kumbe ni adenini, mojawapo ya herufi nne za DNA, iliyobandikwa kaboni moja na hidrojeni tatu. Chembe ndogo mno, ya kawaida mno, na kiasi chake kinachohitajika majini ni kidogo kiasi kwamba mezani usingekiona.

Sisi tuliolelewa pwani hatuhitaji kufafanuliwa sana habari hii. Mzee wa kiume haingii mwenyewe kwa binti kumwambia nimekupenda kwa ajili ya mwanangu. Kuna mshenga. Maneno hutoka nyumba hii, yakapita mdomo wa pili, ndipo yakafika nyumba ile, na kila mdomo una namna yake ya kuyasema. Nilipomweleza mlinzi wetu mpango huu wa mshipa, seli za pembeni na yai, hakushangaa hata kidogo. Alichouliza ni hiki tu: "Na huyo mshenga, akikosekana?" Akikosekana, babu, ndiyo bakuli langu la usiku ule.

Ila jaribio lililonikaa moyoni kuliko yote ni la mwaka uliofuata, 1970. Kanatani na Hiramoto walichukua sindano ya kioo nyembamba kuliko unywele, wakaipenyeza 1-methiladenini moja kwa moja ndani ya yai la kiti cha pweza. Ndani kabisa, upande uliko kiini chenyewe. Mimi ningeapa kwamba yai litaamka haraka zaidi, maana dawa imefikishwa mlangoni mwa chumba cha kulala. Halikuamka. Kitu kilekile kikimwagwa nje, kikagusa ngozi ya yai, ndani ya dakika ishirini, thelathini hivi kiini kinayeyuka na safari inaanza. Kikiwekwa ndani, kimya.

Hodi hupigwa nje. Aliyeingia chumbani kwako bila hodi huwezi kumwitikia karibu, utamtazama tu. Yai la kiti cha pweza lina kipokezi juu ya ngozi yake, na kipokezi hicho kinasikia upande wa nje peke yake. Kikisikia, kinapeleka habari ndani, kimeng'enya kimoja kikikiamsha kingine, mpaka mwisho wa mnyororo utando wa kiini unapasuka. Nimefanya kazi na watu wengi wenye haraka, nami mmoja wao, tukiamini kwamba ukitaka jambo liende, lisukume karibu zaidi, ingia ndani zaidi. Tangu nisome jaribio lile, kila ninapokwama najiuliza kwanza kama nimesimama upande sahihi wa mlango.

Baada ya hodi kuitikiwa, mambo hubadilika kabisa. Mwaka 1976 Kishimoto na Kanatani walionyesha kwamba ukichota ute kidogo wa yai lililokwisha kuamka ukaudungia katika yai lililolala, nalo linaamka, bila 1-methiladenini yoyote. Yaani safari hii sindano inafanya kazi. Ni kama chachu: donge la unga ulioumuka jana linaumua unga wa leo. Masui na Markert walikuwa wameliona jambo hilohilo kwa mayai ya chura mwaka 1971. Kitu kilichomo katika ute ule baadaye kilikuja kujulikana kuwa ni jozi, kimeng'enya Cdk1 na protini iitwayo saiklini. Saiklini yenyewe Tim Hunt aliigundua mwaka 1982 hukohuko Woods Hole akichezea mayai ya urchini, nayo ikampatia sehemu ya Tuzo ya Nobel ya mwaka 2001 pamoja na Hartwell na Nurse. Jozi hiyo ndiyo inayogawanya kila seli mwilini mwako, nzuri na ya saratani. Kwa hiyo nikisikia mtu akisema kwamba kusoma wanyama wa pwani wasioliwa ni kupoteza fedha za wananchi, huwa sina haja ya kubishana. Naagiza chai.

Dada yangu mkubwa alikaa katika ndoa miaka tisa bila mtoto. Mwishowe walikwenda kwa madaktari wa upandikizaji, na baada ya sindano za siku nyingi za kukuza mayai, akapewa ya mwisho ya kujidunga nyumbani, saa tano kasorobo usiku, si saa tano, si saa nne na nusu. Alinipigia simu akilia kwa hofu ya saa. "Kwa nini kasorobo?" akaniuliza. Nikamwambia wamehesabu saa thelathini na sita kurudi nyuma kutoka muda wa kuyatoa mayai. Nikamwambia kwamba mayai yake yamelala hivyo tangu mama alipokuwa na mimba yake, kila moja na kiputo chake, na kwamba sindano ile haisemi na yai lenyewe bali na seli zinazolizunguka, nazo ndizo zitakazolipa yai ruhusa. Nikamsimulia kiti cha pweza. Alinyamaza, kisha akacheka, mara ya kwanza mwezi ule. "Kwa hiyo mimi na lile dude alilokuwa akilitupa mama ni mamoja?" Karibu mamoja, dada. Kemikali ni tofauti, mpango unafanana. Yaliyofuata ni yake kuyasimulia, si yangu.

Mazungumzo yale yalinibadilisha namna ninavyoutazama usingizi wa yai. Nilikuwa nikiuona kama kasoro, kikwazo cha kuondolewa na fundi. Sasa angalia: yai la kiti cha pweza likishaamka na lisipopata mbegu, baada ya saa kumi hivi linajiua. Halina tena pa kurudi. Lililolala linaweza kungoja msimu, na la mwanadamu linangoja miaka arobaini. Ukilipigia hodi kabla ya wakati, hukulisaidia, umelianzishia saa ya kufa.

Mwaka 2009 nilikuwa bado na sare ya shule, wala sikujua kwamba ni mwaka wa baraka kwa wanyama hawa. Mwaka huo Mita na wenzake, Japani, walitangaza hatimaye neno la kwanza ni lipi, lile litokalo kwenye mshipa wa kiti cha pweza, lililosubiriwa tangu 1959. Ni protini fupi ya minyororo miwili, ndugu wa relaksini, homoni ambayo kwa mwanamke mjamzito husaidia kulegeza viungo vya nyonga. Kiti cha pweza hakina nyonga wala mimba. Homoni ni kama jina la ukoo, hukaa muda mrefu kuliko nyumba.

Mwaka huohuo Wajapani wengine walitoa homoni ya jongoo bahari wao, asidi amino tano tu kwa mstari, inayopevusha mayai na kumfanya mnyama ayamwage. Wakaiita kubifurini, kutokana na maneno ya Kijapani ya shingo na kutikisa, kwa sababu jongoo aliyedungwa huinua kichwa akakiyumbisha. Niliposoma hapo nilicheka peke yangu. Mlinzi wetu alikuwa ameniambia zamani, nami nikaiandika kama hadithi za wazee: "Bamvua ya mwezi mpevu, jioni, jongoo husimama. Anainuka nusu mwili, anayumba hivi, kama watu wa maulidi ya homu. Siku hiyo usiguse kitu."

Na ugunduzi wa tatu wa mwaka ule ulikuwa wa jirani zetu. Huko Toliara, kusini-magharibi mwa Madagaska, watafiti wa Kimalagasi na wa Ubelgiji walichukua jongoo wa aina iitwayo jongoo mchanga, hiihii tuliyonayo kituoni kwetu, wakayatoa mayai yake kwa kupasua kama nilivyofanya mimi, lakini wao wakayatia katika maji yaliyotokana na mayai ya urchini. Sehemu kubwa ya mayai yakapevuka na kukubali mbegu. Miaka kumi baadaye, 2019, walieleza kwamba kinachofanya kazi humo ni protini za jamii ya thioredoksini. Unaona mzunguko ulivyo: urchini aliyenidanganya chuoni ndiye aliyeshika ufunguo wa bakuli langu.

Kituoni kwetu njia tuliyoizoea ni ya joto. Unawaweka majongoo wakubwa thelathini kwenye tangi, unapandisha joto la maji nyuzi tatu hadi tano kwa muda, unawarudisha kwenye maji ya kawaida, unaomba. Mara nyingine wanatoa, mara nyingine wanakutazama. Kwa nje dume na jike hawatofautiki, kwa hiyo hujui hata kama tangini una majike. Siku moja mimi na mwenzangu tulisahau kifaa cha joto kikiwaka. Majongoo wakafanya wanachofanya wakifika mwisho wa uvumilivu: wakatema matumbo yao. Tangi zima likawa mchuzi. Hawakufa wote, maana jongoo ana uwezo wa kuotesha matumbo mapya, lakini msimu ule ulikwisha, na mkuu alituambia maneno ambayo siyaandiki hapa.

Kilichofuata hatukukipanga. Ilikuwa bamvua ya mwezi mpevu. Tulikuwa tumeleta majongoo wapya asubuhi, hatujawatia joto, tumewaacha wapumzike. Baada ya magharibi mlinzi akaniita kwa kunong'ona, kana kwamba mle ndani pana mtoto aliyelala. Dume mmoja alikuwa amesimama, nusu mwili juu, anayumba, na kutoka karibu na kichwa chake uzi mweupe ulikuwa ukitoka na kukatika majini. Akasimama wa pili. Wa tano. Mzee hakungoja ruhusa yangu. Alichota ndoo ya maji yale akayamimina polepole kwenye tangi la pili, ambalo halikuwa na aliyesimama. Tulikaa chini sakafuni. Sijui tulikaa kwa muda gani. Kisha jike mmoja akainuka, akavimba pale juu ya kichwa, akarusha mayai kwa mkupuo mmoja kama mtu anayetema maji, wingu la manjano likashuka taratibu. Jike mmoja anaweza kutoa milioni moja au mbili kwa usiku mmoja.

Nilichukua tone moja, nikalikimbiza kwenye hadubini. Nilitafuta vile viputo vyeupe, sikuviona. Yai baada ya yai, ute ulikuwa mmoja kutoka ukingo hadi ukingo, jicho limefumba. Ujumbe ulishafika kabla mimi sijatazama, kupitia mishipa na washenga ambao sikuwadunga wala kuwachemsha. Kazi yetu usiku ule ilikuwa kubeba ndoo moja.

Watoto wa jongoo mchanga huelea majini yapata wiki mbili kabla ya kushuka chini, na wengi hufa. Ukweli huo haubadiliki tangini wala baharini. Kinachobadilika ni idadi ya wanaoanza. Mnyama huyu yumo katika orodha ya kimataifa ya walio hatarini tangu 2013, na sababu si mayai yake mabovu. Ni kwamba tumewaokota mpaka waliobaki wako mbalimbali, na mmoja akisimama peke yake mtandeni akayumba, maji yanauchukua ujumbe wake yakaumwaga mahali pasipo na wa kuuitikia.

Kwa hiyo nina ombi moja kwako unayeshuka pwani na ndoo, au unayewanunua kutoka kwa wanaoshuka. Jioni ya bamvua ukimkuta jongoo amesimama, mpite. Rudi wiki ijayo, maji mafu, atakuwepo palepale mchangani, na bei yake haitakuwa imeshuka.